Mwanafunzi wa Wastani na Chuo Kidogo cha Ng'ambo

Mwezi uliopita alinijia mpwa wangu, binti wa dada yangu aishiye Voi. "Shikamoo, mjomba," akaniamkia, na hata kabla hajaketi akanikabidhi karatasi tatu. Ya kwanza ilitoka katika chuo kidogo cha Kikatoliki nchini Marekani, katika mji ambao sikuwahi kuusikia, ikimwarifu kwamba amekubaliwa na kwamba huenda akapunguziwa nusu ya karo. Ya pili ilikuwa ya nafasi aliyopewa katika chuo kikuu kimoja cha umma humu nchini, asomee kozi aliyoiandika ya nne katika orodha yake kwa sababu tu fomu ilidai ijazwe. Ya tatu ilikuwa fomu tupu. Ilitakiwa kujazwa na "mwalimu anayemfahamu mwombaji kwa karibu", na bila hiyo punguzo la karo lisingethibitishwa.

"Nimpe nani, mjomba?" akaniuliza. "Darasani tulikuwa sabini. Waalimu wanawajua wa kwanza watano na wakorofi watano."

Binti huyu alipata C+ katika mtihani wa KCSE, alama ambayo ndiyo kizingiti cha kuingilia chuo kikuu katika nchi hii. Hakukivuka kwa mbwembwe wala hakujikwaa. Si bingwa na si mjinga. Ni mwanafunzi wa wastani, na wa namna yake ndio wengi katika shule zetu ingawa magazeti huwapigia picha wale wengine. Sisi wanaisimu hatuwezi kulipita neno bila kuligeuzageuza. "Wastani" tumelipata katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya katikati. Na katika lugha hiyohiyo nduguye neno hili humtaja mpatanishi, yule anayekaa kati ya wawili na kusikilizwa na wote. Kwetu wa katikati hasikilizwi na yeyote.

Nasema hivi nikiwa mkosaji. Miaka michache iliyopita alibisha mlangoni pangu mwanafunzi wa mwaka wa nne, akaniomba barua ya kumpendekeza kwa ajili ya kazi ya ualimu. Nilimuuliza jina lake. Akanitajia, kisha akaongeza kwa upole kwamba nimemfundisha somo la fonolojia, la mofolojia na la isimujamii, yaani mihula mitatu. Nilifungua daftari la alama nikamkuta: C, C, B. Kwa mihula mitatu aliketi katika ukumbi wa watu zaidi ya mia nne, nikisema naye kupitia kipaza sauti, na mitihani yake niliisahihisha usiku wa manane pamoja na mamia ya mingine. Barua niliiandika. Niliandika kwamba ni mtiifu, mwenye bidii na anayeshirikiana vyema na wenzake. Waama sikuwa na habari kama hayo ni kweli. Alishukuru, akaondoka, nami nikabaki nikiitazama nakala ya barua ile kama mtu aliyetia sahihi hati ya shamba asilolijua mipaka.

Sibandiki lawama kwa mhadhiri mwenzangu yeyote. Idadi ya wanafunzi imeongezeka, waalimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na kumbi ni zilezile. Lakini katika ukumbi wa namna hiyo anayedhurika zaidi ni nani? Bingwa atajisomea mwenyewe hata umfungie ghalani. Anayeanguka ataitwa ofisini, angalau aonywe. Wa wastani atapita muhula hadi muhula bila mtu kumwambia kwamba insha yake ina wazo zuri lililofichwa katika aya ya tatu.

Kabla ya kuanza shahada ya uzamifu nilipata bahati ya kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo cha aina hiyo anayoitiwa mpwa wangu. Kilikuwa chuo cha watawa, katika jimbo lenye baridi ya kukausha machozi shavuni, na wanafunzi wote wa chuo kizima wangeweza kuingia katika shule mbili kubwa za upili za hapa Nairobi na nafasi ikabaki. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Wengi wao hawakuwa vipanga. Walikuwa watoto wa wakulima na wa wauguzi ambao vyuo vyenye majina vingewakataa. Kilichonishangaza ni jinsi walivyofundishwa kuandika. Mwalimu jirani yangu, sista mzee wa somo la falsafa, aliirudisha insha mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, kila mara akiwa ameandika pembeni swali moja tu. Kijana mmoja aliyesoma kwetu sote wawili alinilalamikia kwamba sista amemchosha. Kufikia mwisho wa mwaka kijana huyo aliandika aya ya Kiswahili iliyoshikana kuliko nyingi ninazosahihisha hapa, ilhali msamiati wake haukuzidi maneno mia tano.

Hapana budi nieleze vyuo hivi vinafundisha nini, maana jina lake hutupotosha. Wafasiri wengine husema "sanaa huria". Msomaji wa Kenya akisikia sanaa hukumbuka uchoraji na maigizo, na akisikia huria hukikumbuka Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho ni jambo jingine kabisa. Kilatini chenyewe kilisema artes liberales, yaani fani zimfaazo mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Katika zama za kati fani hizo zilihesabiwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jometri, muziki na falaki. (Msomaji ataniwia radhi nikitaja kwa fahari kwamba sarufi ndiyo iliyotangulia.) Nimewaza sana tafsiri yake, na naona Kiswahili kilikuwa nayo zamani. Muungwana, katika miji ya pwani, alikuwa kwanza mtu huru, tofauti na mtumwa. Baadaye neno likapanuka likawa la mwenye adabu, utu na busara. Kilatini kilipita njia hiyohiyo. Kwa hiyo, mimi naiita elimu ya kiungwana, pamoja na kukiri kwamba neno hilo lina kovu la historia yetu ya utumwa, kama la Kilatini lilivyo na kovu lake.

Katika utaratibu huu mwanafunzi hafungwi na kozi moja tangu siku ya kwanza. Husoma fasihi, historia, hisabati, sayansi na lugha, na katika vyuo vya Kikatoliki aghalabu huongezewa falsafa na theolojia, ndipo katika mwaka wa pili atangaze somo atakalolizamia. Kwa bingwa aliyekwisha kujua kwamba atakuwa daktari wa upasuaji, huenda huku ni kupoteza wakati. Kwa yule wa C+, ambaye alama zake hazikuonyesha hasa anapoelekea, miaka hiyo miwili ni fursa ya kujigundua. Kwetu fursa hiyo haipo: alama za vikundi vya masomo huingizwa katika mtambo, mtambo ukasema wewe ni wa kilimo cha maua.

Wako watakaosema kwamba chuo kidogo kisichojulikana ni aibu kwa familia. Hao nawakumbusha mwaka 1960. Katika mpango wa safari za wanafunzi ulioasisiwa na Tom Mboya, ambao mwaka huo ulisaidiwa na wakfu wa ukoo wa Kennedy, msichana mmoja aliyetoka Loreto Limuru alikwenda Marekani. Hakupelekwa Harvard. Alipelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Kibenedikto katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas, kando ya mto Missouri. Alisomea biolojia, lakini akasoma na Kijerumani pia. Alihitimu mwaka 1964, akachukua uzamili Pittsburgh mwaka 1966, akapata uzamifu hapa Nairobi mwaka 1971, na mwaka 2004 Wangari Maathai akatunukiwa Nobeli ya Amani. Nakubali kwamba Maathai hakuwa wa wastani. Alikuwa miongoni mwa bora wa rika lake, na kumtumia kama mfano wa kila mwenye C+ ni kuwadanganya watoto. Ninachosema ni kwamba udogo wa chuo haukumpunguzia kitu.

Lakini ukikitafuta leo chuo hicho kwa jina lake hutakipata. Mwaka 1971 kiliunganishwa na chuo jirani cha wanaume, kikawa Benedictine College. Hicho kilipona. Vingine havikupona. Marygrove ya Detroit ilifungwa mwaka 2019, Cardinal Stritch ya Wisconsin mwaka 2023, Cabrini ya Pennsylvania na Saint Rose ya Albany mwaka 2024, Fontbonne ya St. Louis mwaka 2025. Vyote ni vyuo vilivyoasisiwa na masista. Watoto wanaozaliwa Marekani wamepungua tangu mwaka 2007, na chuo kinachoishi kwa karo kikikosa wanafunzi mia mbili huyumba. Mwanafunzi Mwenyeji chuo kikifungwa hurudi kwa wazazi akapanga upya. Mwanafunzi Mkenya hulazimika kuhamia chuo kingine upesi, la sivyo viza yake hukosa msingi.

Kisha kuna hilo punguzo la nusu. Dada yangu alilipokea kama muujiza. Nilimweleza kwa simu kwamba vyuo vya binafsi vya Marekani hutangaza karo kubwa kisha vikaipunguza kwa karibu kila mtu, na kwamba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wastani wa punguzo umevuka nusu. Bei iliyoandikwa ni kama ile ya mwenye duka anayejua utabishana naye. Mathalan gharama ya mwaka ikiwa dola 40,000, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 5. Ukiondoa nusu bado zimebaki milioni mbili na nusu, na hiyo ni mara nne. Mkopo na ruzuku za serikali ya Marekani si za wageni. Kazi anayoruhusiwa ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nayo hununua sabuni na vitabu. Dada alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, lile shamba la mama lipo." Shamba hilo ndilo analolima.

Usiku huo nilikaa na mpwa wangu mezani tukaandika maswali ya kukiuliza chuo. Wanafunzi wangapi waliingia mwaka huu, na wangapi miaka mitano iliyopita? Punguzo ni la miaka yote minne au la mwaka mmoja, na alama zikishuka kidogo litabaki? Darasa la insha lina watu wangapi? Katika kila mia wanaoanza, wangapi humaliza? Je, asiye Mkatoliki hulazimishwa kuhudhuria misa? Hili la mwisho halikumhusu, maana yeye alibatizwa Bura, lakini alisema angependa kujua wenzake watatendewaje. Nilimshauri pia aandikie vyuo vya Kikatoliki vya hapa nyumbani, kikiwamo kile cha Lang'ata kilichopata hati yake mwaka 1992, awaulize maswali yaleyale, hasa lile la ukubwa wa darasa.

Ilibaki ile fomu ya tatu. Nilikataa kuijaza, kwa kuwa mimi ni mjomba, si mwalimu wake, na barua ya uongo nilikwisha kuandika moja. Baada ya kufikiri sana akamkumbuka mwalimu wa kidato cha pili, aliyekwisha kuhamishiwa Taveta, ambaye siku moja alimbakiza darasani amweleze kwa nini insha yake ilikuwa na mwisho mzuri kuliko mwanzo. Alimpigia simu papo hapo. Mwalimu alimkumbuka, akamuuliza kama bado anaanza vibaya.

Chuo hakijajibu maswali yetu. Dada ameahirisha kumwita mpimaji wa ardhi.