Fahamu: Kwa nini pwani ya kale hubadili historia ya visiwa

Pwani ya kale ni mahali bahari ilipoishia zamani. Mtafiti akitaka kujua watu walifikaje kisiwani, kwanza huuliza: wakati huo kilikuwa kisiwa kweli?

Unguja ilipokuwa bara

Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yaliganda kuwa barafu, na kina cha bahari kilikuwa chini ya cha leo kwa takriban mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara ni mfupi wa kina, sehemu nyingi hauzidi mita 50. Basi ulikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, na Unguja ikatengwa takriban miaka 10,000 iliyopita.

Ushahidi wa mapangoni

Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamechimbua zana za mawe na mifupa ya punda milia na nyati. Leo Unguja haina hata mmoja wa wanyama hao, na punda milia havuki bahari kwa ngalawa. Wawindaji wa kwanza wa Kuumbi nao hawakuhitaji chombo. Walifika kwa miguu.

Pemba je?

Hapo hesabu ni nyingine. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo haukukauka hata bahari ilipokuwa chini kabisa. Aliyefika Pemba alivuka maji.

Kinachokosekana

Kambi za ufukweni za enzi hizo, kama zilikuwepo, sasa ziko chini ya bahari. Ndiyo maana mapango yanatajwa mno: yako juu, yamesalimika.