Je, Wajua? Sumukuvu Haiogopi Moto

Mahindi mengi yanayouzwa katika masoko ya Tandale na Tandika, Dar es Salaam, hutoka bara. Yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, nao hutoa sumukuvu: sumu isiyo na harufu wala ladha, na ambayo haiishi makali hata ugali usongwe mpaka uive.

Ini ndilo hubeba mzigo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hii, 20 wakafa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B.

Sembe, inayobezwa sana na wapenzi wa dona, hapa ina afadhali: sehemu kubwa ya sumu huondoka na pumba mahindi yanapokobolewa.

Na pumba? Hulishwa kuku.