Kodi ya jengo: inayolalamikiwa ndiyo ndogo

Wenye nyumba na wapangaji wa Tabora, kama wenzao wa Tanzania Bara nzima, walianza kukatwa kodi ya jengo kupitia luku Agosti 2021. Makato hayo huonekana kwenye risiti ya umeme, na ndiyo yanayolalamikiwa zaidi. Lakini kwa mtu anayetaka kuweka akiba yake katika nyumba au fremu ya duka, hiyo ni ndogo kuliko kodi nyingine zinazomngoja.

Ubishi wa nani alipe si mgeni eneo hili. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na nguo, na Livingstone alikaa katika tembe la hapo mwaka 1872. Zaidi ya miaka kumi kabla yake, Mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe alitoza kodi bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu walikataa, vita vikazuka, nao wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Enzi hizo kilichotozwa ni mzigo unaopita. Siku hizi ni jengo lililosimama.

Hivyo mnunuzi hana budi kuzitenganisha kodi hizi:

KODI YA JENGO. Kwa viwango vya Julai 2023, nyumba ya kawaida hulipiwa Sh. 1,500 kwa mwezi, yaani Sh. 18,000 kwa mwaka. Ghorofa mijini hulipiwa Sh. 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Nyumba za udongo na za nyasi zinazotumika kwa makazi zimesamehewa. Aidha, mzee wa miaka 60 na kuendelea husamehewa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Mita isiponunuliwa umeme kwa miezi kadhaa, deni hulimbikizwa na kukatwa siku umeme unaponunuliwa.

Anayewajibika ni mmiliki, ingawa mita humkata yeyote anayenunua umeme. Kwa hiyo mpangaji na mwenye nyumba waandike katika mkataba jinsi makato hayo yatakavyorudishwa au kupunguzwa katika pango.

KODI YA PANGO LA ARDHI. Hii si kodi ya jengo, japo wengi huzichanganya. Hulipwa kila mwaka serikalini na mwenye hati, kwa ajili ya kiwanja chenyewe, hata kama hakijajengwa. Anayenunua kiwanja adai kwanza stakabadhi za miaka iliyopita, asije akarithi deni la mwenzake.

KODI YA ZUIO. Mfanyabiashara aliyepanga fremu hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Fremu ya Sh. 100,000 kwa mwezi huingiza Sh. 1,200,000 kwa mwaka. Zuio lake ni Sh. 120,000. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya kodi ya jengo. Mwenye fremu anayepiga hesabu ya faida bila kuitoa fedha hiyo anajidanganya.

KODI YA ONGEZEKO LA MTAJI. Hutozwa jengo linapouzwa, nayo ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Tuseme duka lilinunuliwa na kukarabatiwa kwa Sh. milioni 24, likauzwa kwa milioni 30. Faida ni milioni 6, kodi ni Sh. 600,000. Muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama, kwa marekebisho ya 2023, hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa bei hiyo ya milioni 30, kodi haitapungua Sh. 900,000. Risiti za saruji, mabati na mafundi zilizotupwa zimemgharimu Sh. 300,000.

Kwa mwekezaji mdogo, basi, Sh. 1,500 za luku si sababu ya kuacha kununua jengo. Linalofaa kuchunguzwa kabla ya kutoa fedha ni mambo matatu: deni la pango la ardhi, pango halisi baada ya zuio, na mahali pa kuhifadhi risiti mpaka siku ya kuuza.