Albamu Isiyo na Mwimbaji: Ulipie Faili, Kifurushi cha Mwezi au Santuri?

Muziki wa kielektroniki wa majaribio, ule wa ala na mashine, mara nyingi bila mwimbaji, siku hizi unatengenezwa hapa hapa kwetu. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliitoa singeli ya Dar es Salaam nje ya mipaka kwa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Ikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, kisha Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Nairobi nayo imemtoa KMRU, ambaye Peel yake ya mwaka 2020 na Natur ya mwaka 2024 huenda taratibu na kumtaka msikilizaji atulie. Muziki ni wetu, lakini bei zake nyingi zimeandikwa kwa fedha za kigeni.

Kabla hujatoa hata senti, zingatia jambo moja. Wimbo wa mwimbaji huvumilia sauti mbovu, kwa sababu sikio linafuata maneno. Muziki huu hauna maneno ya kufuata. Mngurumo, mchakacho na besi ndiyo bidhaa yenyewe. Ukisikiliza kwa ubora duni umelipia nusu ya mzigo. Kwa hiyo pesa yako iende kwenye sauti kwanza, vitu vya kupamba rafu baadaye.

Faili la kupakua ndilo chaguo langu. Albamu huuzwa mara nyingi kati ya dola 7 na 10. Ya dola 8 ni kama shilingi 1,040 za Kenya au 20,000 za Tanzania, kwa makadirio ya 130 na 2,500 kwa dola. Matoleo mengine huachiwa mnunuzi apange bei mwenyewe. Kwenye duka la mtandaoni kama Bandcamp unaweza kuisikiliza albamu kabla ya kununua. Isikilize mpaka mwisho, maana dakika mbili za mwanzo hazitoshi kukuonyesha kazi ndefu inaelekea wapi.

Sasa makato. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za pesa za simu hukubaliwa katika maduka mengi, ila kiwango cha kubadilishia dola huwa juu ya kile unachokisikia kwenye taarifa ya habari, na huenda kukawa na ada ya muamala. Nunua albamu mbili kwa mkupuo ikiwa ada ni ya kila muamala. Usibonyeze kulipa kabla ya kuona jumla ya mwisho, kwani ukurasa wa mwanzo huonyesha bei tupu.

Usidanganywe pia na zile Ijumaa maalumu za Bandcamp zilizoanza Machi 2020. Siku hizo duka husamehe fungu lake, ambalo kwa kawaida ni asilimia 15 ya mauzo ya faili, na pesa zaidi humfikia msanii. Ni jambo jema, na kama unaweza kusubiri, subiri. Lakini bei kwako haipungui, labda lebo yenyewe iamue kuipunguza.

Gharama inayowauma wengi ni bando. MP3 ya kilobiti 320 hula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 40 ni megabaiti 96. Ukiipakua mara moja, umemaliza. Ukiisikiliza mtandaoni kwa ubora huo huo mara ishirini, umekaribia gigabaiti 2 kwa albamu moja tu! Programu nyingine huhifadhi sehemu kwa muda, lakini hilo si la kulitegemea.

Utasema, nitashusha ubora niokoe bando. Kwa taarabu au bongofleva sina ugomvi. Kwa muziki huu ni hasara: kwenye kilobiti 96 michakacho huanza kusikika kana kwamba iko chini ya maji, na biti za singeli zinazokimbia zaidi ya mipigo 200 kwa dakika hugandana.

Faili la FLAC halipotezi chochote cha sauti, ila albamu hiyo ya dakika 40 inaweza kufika megabaiti 250, na ikiwa imejaa makelele mazito itazidi, kwa kuwa makelele hayabaniki vizuri. Kwa simu ya kawaida chukua MP3 ya 320. Ukilipa mara moja, FLAC unaweza kuirudia baadaye ukipata Wi-Fi ya bure, bila kulipa tena. Weka nakala kwenye flashi, na kadi ya memori uinunue kwa muuzaji utakayemrudia. Za bandia huandika gigabaiti 128 na kumeza faili zako zikishafika chache.

Kifurushi cha mwezi cha kusikiliza kinamfaa anayependa kuonja vingi. Ukiacha kulipa, hubaki na kitu. Hata ulizohifadhi za kusikiliza bila mtandao hudai uingie mtandaoni mara kwa mara, kwa kawaida angalau mara moja ndani ya siku 30. Kama unarudia albamu tano zile zile, zinunue na usitishe kifurushi.

Santuri ni nzuri, sibishi. Lakini ya dola 25 ikitoka Ulaya, nauli peke yake inaweza kufikia bei yake. Ikifika, VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara au 16 kwa Kenya hupigwa juu ya bei pamoja na nauli, ushuru ukiwepo unaongezwa, na msafirishaji naye ana ada yake ya kuutoa mzigo. Hapo hujanunua mashine wala sindano, ambayo huchakaa. Joto la gari lililofungwa nalo huikunja santuri yenyewe. Kaseti ni rahisi zaidi, na mara nyingi huja na faili la kupakua, ila muulize kwanza fundi wa redio kama mkanda wa mashine yako bado unapatikana.

Pesa uliyookoa iende kwenye hedifoni za waya. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa, na KMRU kupitia spika hiyo hubaki mvumo mwembamba. Za waya huwa nafuu kuliko za bluetooth zenye sauti inayolingana nazo, wala hazina betri ya kufa. Angalia kwanza tundu la simu yako. Kama halipo, weka bei ya kiunganishi kwenye hesabu. Zijaribu dukani kwa wimbo wako mwenyewe, usikilize kama besi inatoka nzima au inatetema tu.

Tuseme una dola 20 mwezi huu, basi. Hedifoni ya waya kwanza kama huna, albamu moja kwa faili, na kinachobaki kiwe cha bando la kupakulia. Santuri unayoitamani iandike pembeni, na ukimjua mtu anayerudi kutoka Ulaya, mwombe akubebee.