Alishinda Oscar mara mbili bila jina lake kutajwa: Kisa cha Dalton Trumbo, mwandishi aliyekataa kuwachoma wenzake

Ni usiku wa Machi 27, 1957, katika ukumbi wa Pantages kule Hollywood. Mwigizaji Deborah Kerr anafungua bahasha na kusoma jina la mshindi wa tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya filamu. Ni Robert Rich, mwandishi wa The Brave One.

Makofi yanapigwa. Watu wanageuza shingo huku na huku wakimtafuta, lakini hakuna anayesimama.

Mwishowe jamaa mmoja wa chama cha waandishi, Jesse Lasky Jr., anapanda jukwaani na kuichukua tuzo kwa niaba yake. Anaeleza kuwa Rich yuko kando ya mkewe anayejifungua. Kesho yake wanahabari wanaanza kumsaka huyu Rich. Hayuko hospitalini. Hayuko kwenye rejista za chama. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi naye.

Sababu ni rahisi. Robert Rich lilikuwa jina la mpwa wa maprodusa wa filamu hiyo, na yeye hakuandika hata mstari. Aliyeandika anaitwa Dalton Trumbo, na kwa miaka karibu kumi hakuna kampuni kubwa ya filamu Marekani iliyokuwa tayari kuweka jina hilo kwenye skrini.

Kama wewe unaandika, unatunga ngoma, unachora vibonzo au unarekodi vichekesho kwenye simu, kaa hapa tuongee kuhusu huyu mzee.

Kijana wa bekari

Trumbo alizaliwa 1905 mjini Montrose, jimbo la Colorado. Aliingia Chuo Kikuu cha Colorado, akasoma mwaka mmoja tu, pesa zikaisha. (Sisi tulioacha chuo kwa sababu ya karo tunamwelewa bila maelezo zaidi.) Familia ikahamia Los Angeles, na 1926 baba akafariki. Dalton akawa ndiye wa kutegemewa na mama na dada zake.

Akapata kazi ya usiku kwenye bekari, akidhani ni ya muda tu. Alikaa humo miaka minane hivi. Usiku anafunga mikate, mchana anaandika. Alitunga riwaya kadhaa na makumi ya hadithi fupi, na nyingi zilirudishwa na wahariri bila huruma.

Halafu mlango ukafunguka. Mwaka wa 1939 alichapisha Johnny Got His Gun, riwaya ya kupinga vita inayosimulia habari za askari aliyepoteza mikono, miguu na uso. Mwaka uliofuata aliandika filamu ya Kitty Foyle iliyomfanya ateuliwe kuwania Oscar. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, kampuni ya MGM ilikuwa ikimlipa dola 3,000 kwa wiki. Hata leo ukibadilisha hizo kwa shilingi ni doo si haba, sembuse miaka 80 iliyopita. Trumbo alikuwa ameomoka, na kijana wa bekari sasa alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa zaidi duniani.

Nakuambia haya ya pesa makusudi, ili ujue alikuwa na kiasi gani cha kupoteza.

Swali moja

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, Muungano wa Kisovieti uligeuka kutoka rafiki wa Marekani hadi adui. Wanasiasa wa Washington wakaanza kuwinda Wakomunisti kila mahali, na Hollywood ilikuwa windo tamu kwa sababu kamera ziko huko. Oktoba 1947, kamati ya Bunge la Wawakilishi ikiongozwa na J. Parnell Thomas iliwaita watu wa filamu kuhojiwa. Zamu ya Trumbo ilifika Oktoba 28.

Swali lilikuwa moja: Je, wewe ni mwanachama, au umewahi kuwa mwanachama, wa Chama cha Kikomunisti?

Ukweli ni kwamba Trumbo alijiunga na chama hicho 1943. Hilo halikuwa kosa kisheria. Sasa jiweke kwenye kiti chake uhesabu njia zilizokuwepo.

Ukisema ndiyo, swali linalofuata ni: nani mwingine? Utatakiwa kutaja marafiki zako mmoja baada ya mwingine. Ukisema hapana, umedanganya chini ya kiapo na hiyo ni jela. Ukikataa kujibu kwa kudai unajilinda usijitie hatiani, huenda ukakwepa jela, lakini umekubali kimyakimya kwamba kuna hatia.

Trumbo na wenzake tisa walichagua njia ya nne, ambayo ilikuwa ngumu kuliko zote. Waliegemea Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema na kukusanyika. Msimamo wao ulikuwa kwamba serikali haina haki ya kuniuliza ninaamini nini, na kwa hivyo sijibu, iwe jibu ni ndiyo au hapana.

Trumbo alikwenda mbele ya kamati amebeba miswada ya filamu zake. Alitaka iwekwe kwenye rekodi ili waonyeshe ni ukurasa gani una sumu. Mwenyekiti akakataa, eti kurasa ni nyingi mno. Wakavutana kwa maneno, rungu la mwenyekiti likigongwa, hadi Trumbo akaondolewa pale huku akipaza sauti kwamba huo ulikuwa mwanzo wa kambi za wafungwa wa kisiasa Marekani.

Novemba 24 mwaka huo, Bunge likapiga kura washtakiwe kwa kosa la kulidharau. Wakati huohuo wakuu wa kampuni za filamu walikuwa wakikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Walitoka na tamko kwamba hawa kumi wanafutwa kazi, na hakuna atakayeajiriwa tena mpaka aape kuwa yeye si Mkomunisti.

Hakuna sheria iliyopitishwa, wala jaji aliyeamua hivyo. Orodha nyeusi hufanya kazi namna hiyo: hupewi barua, simu zako tu hazipokelewi. Walioanza na watu kumi wakaishia kuwafungia mlango mamia.

Mwenyekiti naye ndani

Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ambayo 1950 ilikataa kuisikiliza rufaa yao. Juni mwaka huo Trumbo akaingia gereza la Ashland, Kentucky. Alikaa miezi kumi.

Na Parnell Thomas, yule mwenyekiti wa rungu? Naye alifungwa! Iligunduliwa alikuwa na wafanyakazi hewa katika ofisi yake, mishahara yao ikiishia mfukoni mwake. Wakenya, hii tunaijua vizuri. Alipelekwa gereza la Danbury, Connecticut, na humo akawakuta wawili kati ya wale kumi, Ring Lardner Jr. na Lester Cole. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kuandika kwa jina la mwingine

Alipotoka jela, Trumbo aliihamishia familia yake Mexico. Msoto ukaanza rasmi. Yule wa dola 3,000 kwa wiki tayari alikuwa ameuza mswada wa filamu ya Gun Crazy kwa dola 3,750, kazi nzima, na jina lililowekwa lilikuwa la mwandishi mwingine.

Vijana wengi wa hapa Nairobi wanaujua mchezo huu. Kama umewahi kukesha ukiandikia mwanafunzi wa ng'ambo insha yake kupitia akaunti isiyo yako, unajua ladha yake. Kazi ni yako, alama ni zake, na ukizungushwa malipo huwezi kulalamika kwa sababu hukutakiwa kuwepo. Wateja wa Trumbo walikuwa maprodusa wa Hollywood, na walijua wazi kwamba wanapata fundi wa daraja la kwanza kwa bei ya kutupa.

Aliandika kwa kasi ya kutisha, mara nyingi usiku, akiwa ameketi ndani ya bafu la maji, ubao wa kuandikia mbele yake na sigara mdomoni. Hadithi ya Roman Holiday, ile filamu ya 1953 iliyompa umaarufu Audrey Hepburn, ilikuwa yake. Rafiki yake Ian McLellan Hunter alikubali kuweka jina na kumpitishia pesa. Hunter akashinda Oscar kwa hadithi ya mtu mwingine. Akiwa Mexico, Trumbo alishuhudia pambano la fahali ambapo mashabiki walidai mnyama aachwe hai kwa ujasiri wake. Hapo ndipo palipozaliwa The Brave One.

Gharama haikuwa yake peke yake. Mkewe Cleo na watoto wao watatu waliishi na siri. Waliporudi Los Angeles 1954, binti yao mdogo, Mitzi, alitengwa shuleni kwa sababu ya baba yake. Ukisoma habari za watu wa msimamo usisahau kuuliza nani mwingine alilipa.

Aligeuza marufuku kuwa kichekesho

Kuna wengi walioteseka kwa kimya wakaisha. Trumbo naye alipigana kwa werevu. Alitambua kwamba orodha nyeusi ilikuwa uongo wa pande mbili: kampuni zilikuwa zikitangaza haziajiri hawa watu huku zikinunua kazi zao kupitia mlango wa nyuma. Akaamua kuutumia uongo huo dhidi yao.

Alijaza soko kwa miswada mizuri na kuwagawia wenzake waliofungiwa kazi alizoshindwa kuzimaliza. Baada ya sakata la Robert Rich, wanahabari walimuuliza kama ndiye. Hakukubali, hakukana. Akaulizwa kuhusu filamu nyingine nzuri, jibu likawa lilelile. Punde kila filamu kali ilianza kushukiwa kuwa ya mtu wa orodha.

Mwaka uliofuata mambo yakazidi kuwa aibu. Oscar ya uandishi wa The Bridge on the River Kwai ilipewa Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga riwaya yake, ilhali filamu yenyewe iliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson, wote wa orodha nyeusi. Januari 1959 waandaaji wa Oscar waliifuta kanuni iliyowazuia watu hao kushindana. Trumbo akajitokeza na kusema: Robert Rich ni mimi.

Januari 1960, mwelekezi Otto Preminger alitangaza hadharani kwamba Trumbo ndiye anayeandika filamu yake ya Exodus. Kirk Douglas naye akaweka jina la Trumbo kwenye Spartacus, iliyotoka Oktoba mwaka huo. Kikundi cha maveterani kiliandamana nje ya kumbi za sinema. Rais mpya aliyeingia Ikulu, John F. Kennedy, aliwapita waandamanaji hao Februari 1961 akaingia kuitazama. Ukuta ukaanza kubomoka, ingawa wapo waliosota miaka mingi zaidi.

Si malaika

Nisikuuzie mtakatifu. Trumbo alikuwa mkali wa maneno, mpenda anasa, na alikuwa ndani ya chama kilichomsifu Stalin wakati Stalin akiua watu. Unaweza kupinga siasa zake kabisa na bado ukubali kwamba haikuwa kazi ya Bunge kumfunga kwa sababu ya imani yake. Nadhani hapo ndipo mtihani wa kweli ulipo. Kutetea uhuru wa mtu unayekubaliana naye ni rahisi.

Wapo waliochagua njia nyingine. Edward Dmytryk, mmoja wa wale kumi, alitoka jela akarudi mbele ya kamati 1951 na kutaja majina. Elia Kazan alifanya hivyo 1952. Wote wawili waliendelea kutengeneza filamu. Kazan alipotunukiwa Oscar ya heshima 1999, baadhi ya watu ukumbini walikataa kupiga makofi. Ilikuwa miaka 47 baadaye.

Trumbo mwenyewe alipotuzwa na chama cha waandishi 1970, aliwashangaza wengi. Alisema hakuna haja ya kutafuta mashujaa wala mashetani katika kipindi kile, kwa sababu wote walikuwa waathiriwa. Albert Maltz, aliyefungwa kama yeye, alikasirika sana. Kwake, aliyetaja majina na aliyetajwa hawawezi kuwekwa kapu moja. Mimi namwelewa Maltz zaidi. Lakini naona pia kwamba aliyesema vile ni mtu aliyelipa bei kamili.

Na hapa kwetu?

Usidhani haya ni ya Wamarekani tu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa Desemba 31, 1977 baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kuigizwa na wanakijiji Kamĩrĩĩthũ. Alizuiliwa Kamiti bila kesi, akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni, na alipoachiliwa hakurudishiwa kazi yake chuo kikuu. Juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa Butere walikutana na vitoa machozi Nakuru kwa sababu ya mchezo wa Echoes of War. Ni watoto wa shule hao, kwenye tamasha la drama.

Trumbo alikabidhiwa Oscar yake ya The Brave One 1975, akiwa mgonjwa. Alifariki Septemba 1976. Ile ya Roman Holiday ilitolewa 1993, ikapokelewa na Cleo, na jina lake likarudishwa rasmi kwenye rekodi za filamu hiyo 2011. Ni miaka 58 tangu filamu itoke.

Kwa hivyo ukimtazama Bryan Cranston kwenye filamu ya Trumbo ya 2015, usikimbilie tu ile sehemu ya ushindi. Itazame sehemu ile ndefu ya katikati, ambapo hakuna anayepiga makofi, bili zinakuja, na jamaa bado anapiga taipureta.

Siku moja mtu mwenye cheo atakuuliza ulikuwa na nani. Huenda ikawa ofisini, chuoni, au kituoni. Amua mapema utajibu nini.