Chokaa huchoka: Kitendawili cha wanaotaka kunasa gesi ya kaboni

WAKAZI wa Lamu wamejua kwa karne nyingi kwamba jiwe la matumbawe likichomwa katika tanuu hugeuka chokaa. Kisichoonekana ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayolitoka jiwe hilo motoni. Chokaa hiyo ikikutanishwa tena na gesi hiyo katika joto lifaalo, huimeza na kurudi kuwa jiwe.

Ni tabia hiyo ambayo wahandisi wanataka kuitumia kusafisha moshi wa viwanda. Mnamo 1999, Shimizu na wenzake nchini Japani walipendekeza matangi mawili. Katika la kwanza, lenye joto la nyuzi 650 hivi, chembe za chokaa hunasa gesi iliyomo katika moshi. Katika la pili, lenye nyuzi zipatazo 900, chembe hizo huitema gesi ikiwa safi, tayari kufukiwa ardhini, nazo zikarejeshwa kazini. Mtambo wa majaribio wa aina hii ulijengwa La Pereda, Uhispania.

Kwa hesabu za darasani mambo ni sahali: gramu 56 za chokaa hunasa gramu 44 za gesi. Chokaa halisi haifiki huko.

Mwanzoni gesi huingia kwa kasi katika vitundu vidogo mno vya chembe. Lakini jiwe linalozaliwa humo huhitaji nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chokaa iliyotumika. Vitundu huzibika, na utando hutanda juu ya chokaa iliyosalia. Utando huo ukifikia unene wa nanomita 50 hivi, yaani sehemu moja ya 20,000 ya milimita, kasi hushuka ghafla. Chokaa, kwa maneno mengine, hujifungia mlango yenyewe.

Modeli kongwe za kihisabati huichukulia chembe kuwa mpira unaoliwa kutoka nje kuelekea kiini. Ni rahisi kuzitumia, ila huvisahau vitundu, na humo ndimo mna siri yote. Mapema katika miaka ya 1980, Bhatia na Perlmutter waliichora chembe upya kama gimba lenye mirija ya ukubwa mbalimbali iliyotapakaa ovyo, ambayo kuta zake hukutana na kumezana mmenyuko unapoendelea. Mwaka 1983 waliitumia modeli hiyo kueleza mwendo wa chokaa, na ingali ikitegemewa.

Lipo tatizo la pili. Kila mzunguko, joto kali huzishikamanisha punje na kupunguza vitundu. Mawe ya kawaida ya chokaa, ambayo katika mzunguko wa kwanza hutumika kwa takriban asilimia 70, hushuka hadi asilimia 7 au 8 baada ya mamia ya mizunguko.

Anayesanifu mtambo lazima ajue chokaa kiasi gani iwemo tangini, ikae humo kwa muda gani na mpya iongezwe lini. Akikosea upande mmoja, gesi hutoroka. Akikosea upande wa pili, fedha huteketea bure.

Viwanda vya saruji, vikiwemo vile vya Athi River, vina nafuu moja: chokaa iliyochoka ni malighafi yao. Aidha, haviwezi kuponea kwa kubadilisha kuni au makaa pekee, kwa kuwa zaidi ya nusu ya gesi yao hutoka katika jiwe lenyewe.