Hodari Mchezoni, Mzito Darasani: Si Uvivu

Si ajabu katika nyumba za siku hizi kumwona mtoto asiyeweza kumaliza hesabu tano akikaa saa mbili mbele ya mchezo wa video bila kukumbuka hata njaa. Macho ameyakaza, vidole vinarukaruka juu ya vitufe. Hapo wazazi wengi hukata shauri: mtoto huyu akili anayo, ila ni mvivu. Shauri hilo mara nyingi huishia kwenye fimbo. Lakini ikiwa mtoto huyo ana hali ya upungufu wa makini na kutotulia, ambayo madaktari huiita ADHD, fimbo hiyo humwonea.

Hali hii haikuanza na michezo ya video. Mwaka 1902, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kudumu katika jambo moja.

Je, mtoto wa namna hii ana mkono mwepesi kuliko wenzake? Mtu mzima huchukua karibu robo ya sekunde kubonyeza kitufe baada ya kuona taa ikiwaka. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walipima pamoja matokeo ya tafiti 319 kuhusu wepesi huo kwa wenye ADHD. Kilichodhihirika ni kwamba mwitikio wao haulingani. Mara nyingi mkono huenda sawa na wa wengine, kisha ghafla huchelewa mno, kana kwamba fikra zilitoka nje kidogo na kurudi. Aidha, wengi wao hubonyeza upesi pale wanapotakiwa kungoja. Ndiyo sababu mtoto huyo aweza kung'ara katika duru moja, na katika duru ya pili akashindwa kwa kosa dogo.

Kinachomshika mchezoni ni malipo ya papo hapo. Kila kitufe hujibiwa mara moja kwa mwanga, sauti au alama. Mwaka 1998, wanasayansi wa London waliwapima wanaume 8 waliokuwa wakiendesha kifaru cha vita katika mchezo wa video, wakaona kwamba ubongo wao ulitoa kwa wingi zaidi dopamini, kemikali inayohusika na hamu na malipo. Kitabu hakina malipo ya haraka namna hiyo. Tunda lake huonekana mwisho wa muhula. Mtoto wa kawaida huweza kulingojea. Mwenye ADHD humwia vigumu sana.

Mwaka 2020 Serikali ya Marekani iliruhusu mchezo mmoja wa video, EndeavorRx, uandikwe na daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye hali hii. Katika jaribio la watoto 348, waliocheza dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4, waliongeza makini katika kipimo cha kompyuta. Lakini kwa macho ya wazazi, hawakuwapita sana wenzao waliopewa mchezo mwingine. Basi mchezo hauchukui nafasi ya malezi wala ya daktari.

Mzazi afanye nini? Kazi ya shule igawanywe vipande vifupi, na kila kipande kikiisha mtoto asifiwe papo hapo. Mchezo uwe na saa yake, naye aarifiwe dakika kumi kabla ya kuuzima. Usiku mtambo usilale chumbani mwake, kwani usingizi ukipungua makini nayo hupungua.

Aidha, kupenda mchezo peke yake si dalili ya ugonjwa. Daktari hutazama dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zikadumu miezi sita au zaidi, na kuonekana nyumbani na shuleni vilevile. Zikiwapo, mtoto apelekwe hospitali. Mwalimu naye aelezwe, ili mtoto asiadhibiwe kwa jambo asilolitaka.